Macho ya mwanao yanawasha, muwasho hauishi? Shika hatua hizi

Kama mwanao anasugua macho mwaka wa pili sasa, na kabatini mna chupa za matone zilizoishia nusunusu, makala hii ni yako. Huenda dawa ulizonunua si mbovu. Huenda ugonjwa wa miaka unatibiwa kama ugonjwa wa siku tatu.

Tunazungumzia aleji (mzio) sugu ya macho ya watoto. Kliniki utasikia ikiitwa "vernal" au VKC. Ndiyo ile inayomfanya mtoto akunje uso akitoka nje, macho yawe na rangi ya udongo pembeni, na mwalimu alalamike kwamba hasomi ubaoni.

Shika hili moja kabla hatujaanza: mara nyingi dawa inayotuliza taratibu ndiyo ya kutumia kila siku, na dawa inayotuliza haraka ndiyo ya kuogopa. Ukilielewa hilo, umeshavuka nusu ya safari.

Jua unapambana na nini

Aleji hii kwa kawaida huanza kabla ya miaka 10. Wavulana huipata zaidi kuliko wasichana. Hupenda joto, jua kali na vumbi, ndiyo maana ni ya kawaida sana kwetu. Kwenye nchi za baridi huja na msimu na kuondoka. Huku inaweza kusumbua mwaka mzima, halafu ikapamba moto kiangazi.

Haiambukizi. Mtoto anaweza kulala na wenzake, kucheza nao na kwenda shule.

Watoto wengi hutulia wenyewe wakivuka balehe. Kazi yako basi ni kumfikisha huko akiwa na kioo cha jicho (ile sehemu angavu ya mbele) kisicho na kovu na presha ya macho iliyo sawa. Mengine yote humu yanaelekea huko.

Mchunguze nyumbani kwa dakika tano

Mkalishe karibu na dirisha, uso ukielekea mwanga wa kawaida. Usimmulike tochi machoni. Nawa mikono, kisha fuata mpangilio huu.

*Uliza swali moja.* "Yanawasha au yanauma?" Aleji huwasha, tena sana. Maumivu makali ni habari nyingine, tutaifikia. Mtoto mdogo asiyeweza kujibu, mtazame mikono. Anayesugua kwa vifundo vya vidole, akizungusha hasa, anawashwa.

*Tazama tongotongo.* Ya aleji ni meupe, mazito, na ukiyashika kwa kitambaa safi yanavutika uzi. Ya bakteria huwa ya njano au kijani na hugandisha kope asubuhi.

*Tazama pale nyeusi inapokutana na nyeupe.* Mwambie aangalie chini, nyanyua kope la juu taratibu. Ukiona ukingo umevimba, una rangi ya kahawia au kijivu, na pengine una vidoti vidogo vyeupe, andika. Watoto wengi wa Kiafrika huonyesha ugonjwa huu hapo kwenye ukingo.

*Tazama kope lenyewe.* Je, limelegea kidogo, mtoto anaonekana mwenye usingizi? Ngozi ya chini ya jicho imekunjamana na kuwa nyeusi? Kwenye mizizi ya nywele za kope kuna magamba? Andika.

*Pima kila jicho peke yake.* Mfunike jicho moja kwa kiganja bila kukandamiza, asome kalenda ya ukutani. Badilisha. Kama jicho moja linasoma vibaya kuliko jingine, hilo ni la kumwambia daktari mapema, hata kama jicho halina wekundu.

Usijaribu kulipindua kope la juu mwenyewe. Hiyo ni kazi ya kliniki.

Usichanganye na magonjwa mengine

*Macho mekundu ya mlipuko.* Kama yale yaliyoikumba Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024. Huja ghafla, hupita kwa watu wa nyumba moja mmoja baada ya mwingine, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hadi tatu. Aleji haina haraka hiyo na haiambukizi kaka wala dada.

*Vikope, yaani trakoma.* Huu huletwa na bakteria wanaosambazwa na mikono, nguo za kujifutia na nzi. Kama mnaishi au mmeishi maeneo ya wafugaji ambako vikope vimejulikana kwa miaka mingi, kama Ngorongoro, Longido, Narok au Turkana, mtajie daktari jina la mahali. Tiba yake ni antibayotiki, na hutolewa kwa jamii nzima. Matone ya aleji hayataisaidia.

*Ugonjwa wa kingo za kope.* Huu hupotea sana machoni pa watu. Mtoto ana magamba kwenye nywele za kope, anapata chokea mara kwa mara, anachukia mwanga, na mara nyingi jicho moja ni baya kuliko jingine. Tezi za mafuta za kope zimeziba, uvimbe umeshuka hadi kwenye kioo cha jicho. Una tiba yake, nimeiweka chini.

*Kitu kimeingia.* Jicho moja tu, limeanza ghafla, linatiririka machozi. Hiyo si aleji mpaka daktari athibitishe.

Dalili za kwenda hospitali leo, si kesho

Acha kila kitu umpeleke mwanao ukiona mojawapo ya haya:

- Kuwasha kumegeuka maumivu makali.
- Doa jeupe au la kijivu limetokea kwenye sehemu nyeusi ya jicho.
- Hawezi kabisa kufungua jicho kwenye mwanga.
- Uoni umepungua ghafla.
- Jicho limechomwa na kijiti, kalamu au mwiba.
- Kope limevimba na mtoto ana homa.
- Ndani ya mboni panaonekana weupe, hata kama umeuona kwenye picha ya simu tu. Huo unaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, na siku chache ni nyingi.
- Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja anatoa usaha machoni.

Kama ni kemikali, chokaa au sabuni kali imeingia, anza kwa maji. Mwagia jicho maji safi mfululizo kwa nusu saa, likiwa wazi, ndipo muondoke.

Doa jeupe kwa mtoto mwenye aleji lina maana yake. Kope la juu likijaa vinundu kwa ndani, hukwaruza kioo cha jicho kila mtoto anapopepesa. Kidonda hutokea, mara nyingi upande wa juu wa kioo. Kikiachwa, kinaacha kovu, au bakteria wanaingia. Kikiwahiwa, kinapona.

Mpeleke kwa mtu sahihi

Usianzie duka la dawa. Anza na kitengo cha macho cha hospitali ya wilaya au ya kaunti. Wakishindwa watakupa rufaa. Kwa Tanzania, Muhimbili, CCBRT na KCMC Moshi wana huduma za macho ya watoto. Kenya kuna PCEA Kikuyu na Sabatia kule Vihiga. Uganda kuna Mengo, Kampala, na Ruharo, Mbarara.

Beba vitu vitatu. Kwanza, chupa zote alizowahi kutumia, hata tupu. Usitegemee kukumbuka rangi ya boksi. Pili, picha za macho yake siku yalipokuwa mabaya zaidi, maana siku ya kliniki huwa yametulia kwa ukaidi. Tatu, orodha fupi: yalianza lini, yanazidi wakati gani, na kama mtoto ana pumu, mafua ya mzio au ngozi inayowasha.

Uchunguzi mzuri una mambo matano. Yajue ili uone kama yamefanyika:

1. Kupimwa uoni wa kila jicho.
2. Kuangaliwa kwa mashine ya mwanga mwembamba, ile ambayo mtoto huweka kidevu.
3. Kupinduliwa kope la juu. Inachukua sekunde chache. Hapo ndipo vinundu vinaonekana.
4. Kuwekwa rangi ya njano machoni na kumulikwa taa ya buluu. Penye kidonda panang'aa kijani.
5. Kupimwa presha ya macho, hasa kama amewahi kutumia dawa yenye steroidi.

Aleji hii hutambuliwa kwa macho na historia, si kwa kipimo cha damu. Ukiambiwa utoe fedha nyingi kwa vipimo vya mzio, uliza kwanza: "Majibu yatabadilisha dawa gani?" Kama jibu ni hakuna, fedha hiyo inunue matone.

Kabla hujatoka, hakikisha una majibu ya maswali haya: Ugonjwa unaitwaje? Dawa ipi ni ya kila siku na ipi ni ya muda? Ya muda inaisha tarehe gani? Nirudi lini? Nikiona nini nirudi kabla?

Zijue dawa zenyewe

Majina nayaandika kama yalivyo kwenye boksi, uyatambue dukani.

*Dawa za kila siku.* Sodium cromoglycate ni ya bei nafuu na hutumiwa kwa kawaida mara nne kwa siku. Olopatadine na ketotifen huwekwa kwa kawaida mara mbili, na kwa kawaida hutolewa kuanzia miaka mitatu. Cromoglycate haitulizi leo. Huchukua kama wiki mbili kuonyesha kazi yake. Hapo ndipo wazazi wengi huiacha wakisema "haifanyi kitu", na kurudi dukani kutafuta kali zaidi. Usiwe mmoja wao. Iendeleze hata macho yakiwa meupe, mpaka daktari aseme acha.

*Dawa za kuzima moto.* Hizi ni steroidi. Hutuliza ndani ya siku chache. Daktari huzitoa macho yakiwa mabaya sana, kwa muda mfupi, kisha huzipunguza hatua kwa hatua. Usizikate ghafla, usiziongezee siku.

*Dawa za kesi ngumu.* Kama mtoto hawezi kukaa bila steroidi, uliza kuhusu ciclosporin ya matone au tacrolimus ya mafuta. Hizi hutuliza kinga ya mwili palepale machoni bila kupandisha presha. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na ciclosporin huchoma kidogo mwanzoni. Mwandae mtoto kwa hilo. Si kila hospitali inazo, kwa hiyo uliza mapema.

*Vidonge na sirapu za mzio.* Husaidia pua na muwasho wa usiku. Peke yazo hazitoshi kwa macho.

*Matone ya "kung'arisha" macho.* Yanabana mishipa ya damu, wekundu unapotea kwa saa chache, ugonjwa uko palepale. Achana nayo.

*Antibayotiki.* Aleji haitokani na bakteria. Chloramphenicol haitaitibu. Daktari akiiandika, kuna sababu nyingine, pengine kidonda. Uliza.

Kanuni za steroidi: zibandike kwenye friji

Hapa niruhusu nikaze sauti kidogo. Watoto wengine hawapotezi uoni kwa aleji. Wanaupoteza kwa dawa ya aleji.

Steroidi ikitumika kiholela hupandisha presha ya macho. Presha hiyo haiumi, haiwashi, haileti wekundu. Macho yanapendeza, mama anafurahi, na mshipa wa uoni unakufa polepole. Kilichopotea hapo hakirudi. Pia huleta mtoto wa jicho na kulifanya jicho lishindwe kupambana na maambukizi.

Soma boksi kila mara. Ukiona dexamethasone, prednisolone, betamethasone au hydrocortisone, hiyo ni steroidi. Angalia zaidi zile zilizochanganywa na neomycin, gentamicin au chloramphenicol. Muuzaji atakwambia ni "ya bakteria". Lakini ndani yake mna steroidi pia.

Kanuni ni nne:

1. Usinunue steroidi ya macho bila cheti cha daktari, hata kama duka linauza.
2. Usirudie chupa ya mwaka jana kwa sababu "ilimsaidia".
3. Usimpe ya mtoto wa jirani.
4. Akiitumia zaidi ya wiki mbili, dai apimwe presha ya macho. Sema hivyo hivyo: "Naomba apimwe presha ya macho." Ni haki yake.

Kama mwanao amekuwa akiitumia kwa miezi bila daktari, usiikate leo usiku kwa hofu. Panga kliniki wiki hii, beba chupa, sema ukweli. Hakuna atakayekufokea kuliko ugonjwa utakavyokufokea baadaye.

Weka matone bila vita

Dawa nzuri ikidondokea shavuni haina kazi. Jifunze njia hii.

Nawa mikono. Kama ni dawa ya kutikisa, tikisa. Mlaze chali, kichwa mapajani pako. Mwambie afumbe macho, kabisa. Dondosha tone moja kwenye kona ya ndani, pale karibu na pua. Sasa mwambie afungue taratibu. Tone litaingia lenyewe. Njia hii huokoa machozi mengi kwa watoto wadogo.

Mkubwa kidogo mfundishe njia ya kawaida: avute kope la chini, atazame juu, tone liingie kwenye kile kimfuko. Ncha ya chupa isiguse kope wala nywele.

Tone moja linatosha. La pili linamwagika tu.

Mwache afumbe macho dakika moja au mbili. Bonyeza polepole kona ya ndani, pembeni ya pua. Dawa inabaki machoni badala ya kushuka kooni na kumpa uchungu mdomoni.

Kama ana dawa mbili, ngoja dakika tano katikati. Dawa ya mafuta iwe ya mwisho.

Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa. Chupa nyingi hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama dawa imebaki. Kama lebo inaruhusu friji, weka humo: tone la baridi hutuliza muwasho na mtoto hulikubali haraka.

Atalia siku za kwanza. Mshike, mpoze, lakini weka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Baada ya wiki atakuwa anakuja mwenyewe na chupa, hasa kama ndiye anayetia alama kwenye kalenda.

Mzuie kusugua

Kusugua ni adui wa pili. Kunaongeza muwasho, maana kunazidi kumwaga kemikali za mzio. Na kwa miaka mingi kunahusishwa na kioo cha jicho kuwa chembamba na kuchomoza mbele. Hali hiyo inaitwa keratokonasi. Dalili yake ya nyumbani: namba ya miwani inabadilika kila baada ya miezi na bado haoni vizuri. Ukiona hivyo, omba apimwe umbo la kioo cha jicho.

"Acha kusugua!" haifanyi kazi. Mpe mbadala. Lowesha kitambaa safi kwenye maji ya baridi, kamua, kiweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika tano. Akirudi kutoka shule, anawe uso kwanza, kitambaa kifuate. Usiku kata kucha, na mweleze kwamba ukiuona mkono wake unaelekea jichoni utamwita kwa jina, bila ugomvi.

Akianza kusugua sana usiku, ni ishara kwamba dawa ya kila siku imerukwa au haitoshi. Hesabu dozi za wiki hiyo.

Punguza vumbi na jua

Huwezi kulifuta vumbi la mtaa. Punguza linalomfikia.

- Kofia yenye ukingo mpana kila akitoka. Ile ya mbele tu haitoshi jua la pembeni.
- Miwani ya jua inayofunika pembeni. Chagua yenye kinga ya UV. Inazuia mwanga na vumbi pamoja.
- Futa kwa kitambaa kibichi, au nyunyiza maji kabla ya kufagia. Mtoto asiwepo chumbani wakati wa kufagia.
- Foronya na shuka zifuliwe kila wiki na kuanikwa juani.
- Kwenye daladala au matatu, asikae dirisha lililo wazi. Kwenye bodaboda, awe na miwani.
- Jiko la kuni au mkaa liwe nje, au mtoto awe mbali nalo. Moshi hukera macho ambayo tayari yamevimba.
- Udi na dawa za mbu za kuchoma, weka kando wakati macho yamechafuka.

Usimfungie ndani. Panga michezo ya nje asubuhi na jioni, jua likiwa limepungua.

Zungumza na shule

Nenda mara moja, mwanzoni mwa muhula. Mwambie mwalimu mambo manne: haambukizi, asirudishwe nyumbani; aruhusiwe kofia na miwani uwanjani; akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali na mbali na vumbi la chaki; na kama ana dozi ya mchana, nani atamsimamia.

Kama dozi ya mchana haiwezekani shuleni, usiiruke kimyakimya. Mwambie daktari. Anaweza kukubadilishia kwenda dawa ya mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku.

Kama shida ni kingo za kope

Daktari akisema ni ugonjwa wa kope, kazi inageuka. Hapa ni joto, si baridi.

Kitambaa safi, maji ya uvuguvugu unayoweza kuyastahimili kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Kiweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika tano, ukikichovya tena kinapopoa. Kisha kanda kope kwa kidole: la juu kushuka chini, la chini kupanda juu, kuelekea nywele. Mafuta yaliyoganda yatatoka. Malizia kwa kusafisha mizizi ya nywele kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa.

Fanya hivyo kila siku, kwa miezi. Mara nyingi daktari huongeza antibayotiki ya sirapu, kama azithromycin au erythromycin, kwa sababu inatuliza uvimbe wa kope. Doxycycline haipewi mtoto wa chini ya miaka minane, huharibu rangi ya meno. Ukiandikiwa, uliza.

Mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, aleji na kope. Hapo muulize daktari uanze na kipi na saa ngapi.

Vitu visivyoingia machoni

Maziwa ya mama. Mkojo. Mate. Asali. Majani ya chai. Maji ya majani ya mti wowote. Maji ya chumvi ya kukoroga jikoni. Ndimu. Vyote hivi hubeba vijidudu au huunguza, na jicho lenye kidonda linaweza kuharibika haraka. Bibi akisisitiza, mpe heshima yake na kazi nyingine: yeye ndiye awe mshika kalenda wa matone.

Wanja pia uwekwe pembeni. Baadhi ya wanja wa asili una risasi, madini yenye sumu kwa mtoto.

Weka daftari dogo

Ukurasa mmoja kwa mwezi unatosha. Kila siku andika namba moja: 0 macho yametulia, 1 yanawasha kidogo, 2 yanamzuia kucheza au kusoma, 3 hawezi kufungua. Pembeni weka alama ya dozi zilizoingia.

Baada ya mwezi utaona wazi. Kama namba ni ndogo na dozi zimetimia, endeleza. Kama dozi zimetimia na namba bado ni 2 au 3, dawa haitoshi: rudi. Kama dozi zimerukwa, usilaumu dawa bado.

Daftari hili humsaidia daktari kuliko maneno "anaendelea hivyo hivyo".

Panga mwaka, si wiki

Jua miezi mibaya ya mahali penu. Daftari la mwaka wa kwanza litakuonyesha. Mwaka wa pili, rudisha dawa ya kila siku wiki mbili kabla ya miezi hiyo, ikiwa daktari alikuwa ameisimamisha.

Nunua chupa inayofuata kabla ya hii kuisha. Wiki moja ya kukosa dawa inaweza kurudisha moto wote, na moto ndio unaowasukuma watu kwenye steroidi.

Kliniki: akitulia, kila miezi mitatu hadi sita, au kama daktari atakavyopanga. Akiwa kwenye steroidi, mapema zaidi. Uoni upimwe kila ziara, hata kama macho ni meupe. Kama anahitaji miwani, avae. Mtoto wa chini ya miaka minane hivi ambaye jicho lake moja linaona ukungu kwa muda mrefu anaweza kubaki nalo likiwa zembe, yaani lisiloona vizuri, hata ugonjwa ukiisha.

Na mtoto mwenyewe aujue ugonjwa wake. Akifika miaka 10, aweze kutaja jina la dawa yake, kuiweka mwenyewe, na kukataa tone la rafiki.

Leo usiku anza na haya matatu: kusanya chupa zote kwenye mfuko mmoja, soma kila boksi utafute yale majina ya steroidi, na piga picha macho ya mwanao. Kesho asubuhi, mfuko na mtoto waende kitengo cha macho.